Plastiki Hulehemiwa, Haichomelewi

Imetoka tena orodha ya istilahi za ufundi wa vifaa vya nyumbani, na tena imetoka bila mafundi kuulizwa. Chini ya kifyonza vumbi, kwenye maelekezo ya klipu ya pipa la vumbi iliyokatika, fundi anaambiwa aichomelee. Jina la mashine sina ugomvi nalo: linataja kazi, na mhudumu wa hoteli au wa msikiti wenye mazulia hulielewa mara moja. Ugomvi wangu ni na kitenzi. Nimekipinga kwa maandishi zaidi ya mara moja, sikujibiwa, na sasa kimepigwa chapa.

Jinsi plastiki inavyoungwa msomaji anaijua: kingo mbili zilizoachana hulainishwa, hukutanishwa zikiwa laini, hupenyana, na zikitulia huwa kitu kimoja. Swali ni neno gani linabeba kazi hiyo bila kuipotosha.

Tuanze na choma. Mwiba huchoma, jua huchoma, mkaa huchomwa, nyama huchomwa. Kila mahali kitu hutobolewa au huunguzwa, na kilichoungua hakirudi kilivyokuwa. Fundi vyuma alilitwaa neno hili kwa haki yake, maana kazi yake ina cheche na mwanga unaoumiza macho. Plastiki haina haki hiyo. Plastiki ikichomwa hutoa moshi, hugeuka nyeusi, hukatika kwa urahisi, na kingo zake hazishikani tena. Fundi mwanafunzi akiambiwa achomelee atatii neno, ataunguza klipu, kisha atalaumiwa yeye badala ya aliyemchagulia neno.

Watetezi wa kuchomelea wana hoja moja nzuri, nami sitaificha kama wao wanavyozificha zangu. Wanasema kuchomelea ni neno la kale kuliko mashine za umeme: lilikuwa la kuondoa makuti au nguo iliyochakaa na kupachika kipande kipya mahali pake. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inawaangusha wenyewe. Aliyechomelea paa alitoa kibovu akaingiza kingine. Sisi hatutoi kitu. Klipu ni ile ile, na nia yetu ni kuirudishia umoja wake. Fundi akitaka kuchomelea kwa maana hiyo ya kale, akanunue klipu mpya.

Lipo neno lililokaa kamusini miaka mingi likisubiri kutumwa: lehemu. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa herufi za lamu, ha na mimu, na mzizi huo ndio uliozaa lahm, yaani nyama. Kutoka hapo Waarabu wakapata neno la jeraha kufunga, pale nyama inapoifuata nyama mpaka upenyo upotee, na neno la kuunga madini, la kuyeyusha chuma kwa chuma na la kuunga kwa risasi pia. Tazama busara ya mzizi huo: hautaji moto, hautaji cheche, wala hautaji chombo. Unataja matokeo, kwamba viwili vimekuwa mwili mmoja.

Jambo hili ndilo linaloamua kesi, kwa sababu plastiki nyingi huungwa pasipo moto wowote. Plastiki ya ABS huungwa kwa asetoni, inayolainisha kingo zikashikana, na yote hufanyika kwa ubaridi. Viwandani, maganda ya plastiki huungwa kwa mitetemo ya kasi kubwa isiyosikika kwa sikio. Nani amechoma nini hapo? Kuchomelea hunyamaza. Kulehemu hubaki na maana yake: kulehemu kwa joto, kulehemu kwa kiyeyushi, kulehemu kwa mtetemo.

Nimeambiwa, na mtu ambaye sitamtaja, kwamba lehemu ni ya fundi redio peke yake, maana ni ile risasi anayoyeyusha kuungia nyaya. Jibu langu ni istilahi mbili ninazozipendekeza hapa rasmi. Kinachoyeyushwa katikati kikiwa cha asili tofauti na kinachoungwa, kama risasi katika waya wa shaba, tukiite lehemu ngeni. Kikiwa cha asili moja nacho, kama ufito wa polipropilini katika ganda la polipropilini, tukiite lehemu ndugu. Mpaka huo fundi anauhitaji kila siku, maana ufito wa plastiki nyingine haushiki. Nayo kamati iliyotunga orodha haikuugusa.

Tena neno linanyumbulika vizuri. Plastiki inayokubali kuungwa hulehemika. Isiyokubali, kama bakelaiti, ambayo joto haliiyeyushi, hailehemiki. Vipande vimelehemiana. Mwenye kazi ni mlehemu. Jaribu kupata hayo kwa uchomeleaji, usikie ulimi unavyochoka.

Kwa wale wanaopendekeza kugandisha au kugundisha, nitasema machache. Gundi ni kitu cha tatu kinachokaa kati ya wawili. Ikiachia, wawili hurudi kuwa wawili. Na kuziba, neno la mafundi wanaopita mitaani na kisu cha moto wakitengeneza ndoo na mabeseni, ni neno zuri la tundu, ila klipu iliyokatika haina tundu.

Kwa matumizi: tafuta alama iliyochapwa ndani ya ganda, PP (polipropilini) au ABS. PP huyeyuka karibu nyuzi 160 na gundi za kawaida haziishiki, ABS hulainika kuanzia karibu nyuzi 105 na hukubali asetoni. Chomoa mashine kwenye umeme, safisha kingo, zamisha kipande cha waya mwembamba kukatiza ufa kwa chuma cha kulehemu, juu yake weka lehemu ndugu, na madirisha yawe wazi.

Istilahi ya ufundi ni agizo kwa mkono. Neno baya katika ushairi humchosha msikilizaji. Neno baya katika karakana huharibu kifaa cha mtu aliyekilipia. Wanaokaa vikaoni kutunga orodha hizi wana deni kwa mlehemu asiyealikwa, na deni hilo hulipwa kwa kufuta mstari mmoja na kuandika mwingine: kulehemu plastiki. Nami nitaendelea kuudai mstari huo mpaka uandikwe.