Kuacha Kazi ya Teki Eldoret: Sheria Inakupea Nini

Uko Eldy, mchana kutwa unachuja video chafu, usiku usingizi imehepa, na nusu ya mbogi mliyoingia nayo ishatoka? Hauko solo. 2023, wasee 184 waliochuja Facebook pale Nairobi walipeleka Meta na Sama kortini wakisema walifutwa isivyo halali.

Kabla utoke, jua Sheria ya Ajira ya 2007. Ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, kama kandarasi haisemi zaidi. Likizo ni siku 21 kwa mwaka, na inalipwa. Wakipunguza watu, unadai angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza.

Mdosi akikataa? Korti ya kazi iko hapa tu Eldoret. Kwa hivyo usihepe kimya: andika notisi, weka kopi.