Kaniki ya Binti Saad

Katika Unguja ya karne ya 19, dharau haikuhitaji kutamkwa. Ilivaliwa. Mtumwa alijulikana kwa kaniki yake, nguo ya rangi ya kiza isiyo na urembo, na mbele ya waungwana hakuvaa viatu wala hakufunika kichwa. Aliyeletwa kutoka bara aliitwa mshenzi, hata kama kwao alikuwa mhunzi hodari au mtoto wa jumbe.

Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kubanwa na Waingereza. Sheria ya kuwapa watumwa uhuru ilikawia hadi Aprili 1897, nayo ilikuja kwa kusitasita: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia ni bwana. Masuria waliachwa nje kabisa, hadi mwaka 1909.

Walioachwa huru hawakungoja kuheshimiwa. Kaniki waliitupa. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakajifunga kanga, na baadaye wakajitanda buibui kama mabibi wa mjini. Nguo zilibadilika upesi, ndimi zilichelewa.

Siti binti Saad alikulia katikati ya mabadiliko hayo. Alizaliwa kijiji cha Fumba mnamo mwaka 1880, wazazi wake wakiwa na asili ya bara, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza, akivinadi kwa sauti iliyotangulia kufika kabla yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba. Taarabu wakati huo ilikuwa starehe ya wakubwa: Barghash alikuwa amempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki huo, na nyimbo zake ziliimbwa kwa Kiarabu. Binti huyu wa mashamba akaiimba kwa Kiswahili. Watu wakampa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Mtumwa akawa Bibi, na hilo wapo lililowakera.

Ukazushwa wimbo wa kumsimanga. Ulimuuliza tangu lini naye akawa mtu, ukamkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, ukamalizia kwamba bila ile sauti angekufa njaa. Sura yake nayo haikusalimika.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakuikana kaniki, hakudai uzuri, wala hakujitungia ukoo wa kisharifu kama walivyofanya wengi wa zama zake. Alieleza kuwa sura na nasaba si kitu cha kubishania. Mtu hupungua akipungukiwa na akili. Jibu hilo lina mwiba, tusijidanganye, maana aliyemcheka aliitwa mjinga kwa adabu tu. Lakini wao walimpima kwa vitu ambavyo hakuna anayevichagua tumboni mwa mama yake. Yeye aliwanyang'anya mizani.

Mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay, akarekodi santuri za His Master's Voice. Zikauzwa pwani nzima. Katika nyimbo zake walisikika watu ambao barazani hawakupewa nafasi: "Kijiti", kwa mfano, unasimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akakimbilia Dar es Salaam, na adhabu ikawaangukia mashahidi. Muuza vyungu alikuwa akiihukumu mahakama mbele ya watu.

Isidhaniwe kwamba Unguja iliacha kusimangana. Kanga ilipoanza kuandikwa maneno, iligeuka barua ya kumtumia jirani bila kufungua kinywa, na taarabu yenyewe baadaye ikazaa mipasho, ambayo mpaka leo watu huitunza kwa noti. Hata hivyo, asili ya mtu kutoka bara au kaniki ya bibi yake haikuwa tena hoja ya kumnyamazisha jukwaani. Aliyetaka kumshinda mwimbaji ilimbidi aimbe vizuri zaidi.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, walilipa jina la Sauti ya Siti.