Koo la Bunduki na Moto wa Baruti

Bunduki ya shabaha haianzi kuzeeka kwa nje. Huanza kuzeeka kooni, yaani pale risasi inapotoka chumbani mwake na kuingia katika mifuo ya kasiba.

Mwaka 1888 jeshi la Uingereza lilipokea bunduki ya Lee-Metford. Mifuo yake saba ilikuwa ya kina kidogo, yenye pembe za mviringo, ili masizi ya baruti nyeusi yasigande ndani. Mwaka 1891 ikaja kodaiti, baruti isiyo na moshi. Moshi ulitoweka, lakini moto wake ulikuwa mkali mno, kwa kuwa sehemu 58 katika 100 zilikuwa nitrogliserini. Moto huo ukala chuma. Mifuo ikafifia, isiweze kuishika risasi sawasawa, na shabaha ikapotea. Ndipo mafundi wa Enfield wakachonga mifuo mitano yenye kina zaidi na kingo kali, na mwaka 1895 ikatoka Lee-Enfield. Mwaka 1901 nitrogliserini nayo ikapunguzwa hata sehemu 30.

Hata hivyo ulaji ule haukukoma, ulicheleweshwa tu. Kwa hiyo mpiga shabaha hodari hangoji mpaka akose. Bunduki ikiwa tupu, fundi huingiza kipimo cha chuma kwa nyuma, hutazama kimezama kiasi gani, kisha huandika pamoja na hesabu ya risasi zilizopigwa. Kikizidi kuzama, koo limeliwa. Wazee walinena kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.