Mkarafuu na Mbegu Isiyowekeka Ghalani

Mto Lumemo huteremka kutoka milima ya Udzungwa, ukapita Ifakara na kuingia katika bonde la Kilombero. Kwa mtu wa visiwani jina hilo ni la mbali. Hata hivyo, kandokando ya mito ya bara humea mti ambao mtu wa Pemba hawezi kuuona kuwa mgeni kabisa, nao ni mzambarau mwitu. Haupukutishi majani mwaka mzima, maua yake meupe hunukia na kuita nyuki, na jani lake likifikichwa hutoa harufu. Wataalamu wa mimea wameuweka katika jenasi moja na mkarafuu, yaani Syzygium. Basi hawa ni ndugu: mmoja mzawa wa Afrika, mwingine mgeni aliyelowea.

Kwao mkarafuu ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo Indonesia. Inasimuliwa kwamba huko wazazi walipanda mkarafuu kila alipozaliwa mtoto, na uhai wa mti ukahesabiwa pamoja na uhai wa mwana. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India ilitaka karafuu itoke Ambon na visiwa jirani tu. Kuanzia mwaka 1652 mikarafuu ya kwingineko ilikatwa kwa amri, hata ile iliyosimama uani mwa watu.

Kampuni iliweza kujaza maghala kwa karafuu kavu kwa sababu karafuu si mbegu. Ni tumba la ua, huchumwa kabla halijafunguka. Anayeinunua sokoni hawezi kuiotesha. Mbegu yenyewe imo ndani ya tunda lililoiva, nayo ikikauka hufa baada ya siku chache. Ndiyo maana kuuvusha mti huu baharini kulitaka miche hai. Mwaka 1770 watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre waliifikisha miche Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ukawa umetua Unguja.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakushika jembe, alishikishwa mtumwa. Mashamba ya zama za Sayyid Said yalistawi kwa jasho la watu waliotolewa bara. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikachukua nafasi ya mbele. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawanywa kwa eka tatu tatu. Mti ukarudi mikononi mwa mkulima, ingawa mnunuzi alibaki mmoja, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, na magendo ya kwenda Kenya hayakukosa wafuasi.

Nduguye wa bara hakuwahi kupangiwa bei wala kuvushwa kwa siri, na pengine ndiyo sababu amesahaulika. Lakini wamerithi tabia moja: mbegu ya mzambarau mwitu nayo haihifadhiki. Hutolewa katika tunda bivu, husafishwa na kupandwa mbichi. Kwa hiyo mti huu hauna ghala zaidi ya mti mwenzake uliosimama jirani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hulinda ukingo, haioteshi mche. Miti ya mtoni ikimalizwa kwa shoka, hakuna duka litakalouza mbegu yake mwaka wa pili. Anayeupanda uani Lumemo, mahali penye unyevu, kwa tunda aliloliokota msimu uleule, anafanya walilolifanya wazazi wa Maluku kabla ya amri ya kukata: anauweka mti pale ambapo mtoto wake atauona ukizaa, na jirani ataweza kuomba mbegu.