Bayi Hakusubiri Kengele

Sisi tuliokimbia shuleni miaka ya sabini tulifundishwa kujibanza nyuma ya wenzetu, kisha kuchomoka kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, hakuwa na subira hiyo. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza tangu mwanzo hadi utepe: dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Hata John Walker, mwenyeji aliyemfuata, aliipita rekodi ya zamani. Tulitamani wakutane tena Montreal 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, Tanzania ikasusia Olimpiki kwa kupinga hilo, na Walker akabeba dhahabu. Kwangu mimi, mbio zile bila Bayi hazikumaliza ubishi.