Nyama ya Mbegha

Kwetu Mpale, milimani Korogwe, nguruwe mwitu ni adui wa mkulima. Usiku mmoja tu humtosha kufukua mahindi yaliyopaliliwa miezi mitatu. Utotoni tulilala vibandani shambani, tukipiga madebe hadi alfajiri. Ndiyo maana niliposimuliwa habari za Mbegha sikushangaa kwamba wazee wetu walimpokea.

Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe kutoka milima ya Ngulu, ng'ambo ya Handeni. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy ameyaeleza hayo katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwanza Magila. Mbegha alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakamkataa. Akaenda Kilindi, huko mtoto wa mtawala akafa mawindoni akiwa naye, ikambidi akimbie tena. Hatimaye akafika Usambara na mbwa wake. Wasambaa walikuwa na vyakula vya shamba lakini nyama ilikuwa haba. Yeye alikuwa na nyama bila shamba. Wakabadilishana. Alipomwua simba Vuga, wakamfanya mfalme. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku hizi nasikia watu wa mjini wakisifu kula kile ulicholima, ulichowinda au ulichochuma kwa mkono wako mwenyewe. Ni maneno mazuri, ingawa kuwinda bila kibali ni kosa kisheria. Lakini msomaji wangu, tusidhani kwamba wazee walijitegemea kila mtu peke yake. Hata Mbegha, kwa ustadi wake wote, hakuweza kuishi kwa nyama tupu.

Mimi nilifunzwa hayo na njaa. Mwaka 1974 mvua zilikosekana, na serikali ikaagiza unga wa njano kutoka nje. Bibi yangu hakuungoja. Alishuka porini akachimba ndiga. Ndiga ni kiazi mwitu chenye sumu: humenywa, hukatwa vipande vyembamba, kisha huloweshwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa. Siku ya pili nilinyoosha mkono nichukue kipande. Bibi alinipiga kofi ambalo sijalisahau.

"Unataka kufa na chakula mkononi?" aliniuliza.

Nilidhani ujuzi ule ulikuwa wa ukoo wetu. Kumbe sivyo. Aliniambia alifundishwa usichanani na mama mmoja wa Kizigua, aliyekuwa akipanda mlimani kubadilisha chumvi kwa ndizi. Tulipona mwaka ule kwa sababu ya urafiki wa wanawake wawili ulioanza kwa chumvi.

Bibi amekwisha fariki. Ndiga bado zinaota kule bondeni, na kila nikizipita najiuliza: ziloweshwe siku ngapi hasa? Sikumwuliza. Kama kwenu yupo mzee anayejua mambo ya namna hii, nakusihi ukamwulize leo.