Disketi ya Daktari, Flashi ya Muhoroni

Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitiwa kwenye bahasha jijini London na kutumwa kwa posta hadi nchi zinazokaribia 90. Kibandiko kilisema ni habari kuhusu UKIMWI. Anwani zilitoka kwenye orodha ya wasomaji wa jarida la kompyuta na ya watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Waliopokea, basi, wengi walikuwa watu wa kazi: watafiti, wahudumu wa afya, maafisa. Ukiwa unatafuta jibu la ugonjwa unaoua watu kila siku, bahasha kama hiyo huitupi. Unaichomeka.

Aliyezituma alikuwa Joseph Popp, Mmarekani, mwanabiolojia aliyesoma Harvard. Na si mgeni kwetu. Popp alikuwa amechunguza nyani kule Maasai Mara, kisha akafanya kazi za afya Afrika Mashariki. Habari za disketi zilipoanza kuvuma, alikuwa Nairobi kwenye kikao cha UKIMWI. Alikamatwa Marekani mwaka wa 1990, akapelekwa Uingereza, na 1991 jaji akaamua kwamba hali yake ya akili haikumruhusu kushtakiwa. Kesi ikaishia hapo.

Sasa cheki jinsi kitu chenyewe kilivyofanya kazi, maana bado tunaishi nacho. Ukiiweka ile programu, ilikuuliza maswali na kukukadiria hatari yako ya kuambukizwa. Kila kitu shwari. Lakini kwa siri ilihesabu kila mara unapowasha kompyuta. Ikifika mara 90 hivi, ilificha mafolda na kuvuruga majina ya mafaili, kisha ikakudai ulipe dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Wataalamu wengi huitaja kuwa programu ya kwanza ya kuteka mafaili na kudai fidia.

Kumbe yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa. Majina tu ndiyo yaliyovurugwa. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Jim Bates, aliifungua ile programu, akaielewa, akaandika dawa na kuigawa bure. Lakini wapo waliopaniki kabla ya dawa kuwafikia, wakafuta diski nzima kwa mikono yao wenyewe. Iliripotiwa kwamba shirika moja la UKIMWI nchini Italia lilipoteza kazi ya miaka 10. Popp aliwasha moto, ila hofu ndiyo iliyomaliza nyumba.

Kiufundi, ile haikuwa virusi. Virusi hujizalisha na kurukia diski nyingine, kama Elk Cloner ya 1982, iliyoandikwa na kijana wa shule Marekani, au Brain ya 1986, ya ndugu wawili wa Lahore, Pakistan. Disketi ya Popp haikuzaana. Ilibidi aitume bahasha kwa bahasha. Akichanganya hila hiyo na uzazi wa virusi, mtu hahitaji posta tena. Anahitaji tu watu wanaoazimana vitu.

Na sisi ni watu wa kuazimana. Chukua mji kama Muhoroni, kwenye ukanda wa miwa wa Kaunti ya Kisumu, uliokua kando ya reli na kiwanda cha sukari. Flashi zilipoanza kuuzwa mwaka wa 2000, intaneti ya kasi ilikuwa bado haijafika Kenya. Nyaya za chini ya bahari zilitua Mombasa mwaka wa 2009. Katikati ya hapo, na miaka mingi baadaye kwa mtu asiye na pesa za bando, data ilisafiri mfukoni. Muvi zilizotafsiriwa unawekewa kwenye flashi. Nyimbo za matatu, flashi. CV, fomu za mkopo wa chuo, hesabu za chama, eulojia na picha ya marehemu ya kuprinti kabla ya mazishi Jumamosi: vyote vinaingia saiba kwa flashi, kwenye mashine ambayo watu 40 wameshachomeka zao tangu asubuhi.

Hapo ndipo mdudu alipopata shamba. Windows za wakati ule zilikuwa na tabia ya kuendesha programu yenyewe mara tu unapochomeka kitu. Virusi vikaandika faili dogo la maagizo kwenye flashi, na basi, kuchomeka kukawa sawa na kukubali. Conficker, iliyogunduliwa Novemba 2008, ilitumia mlango huo pamoja na mingine, ikasambaa kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Mashine isiyo na intaneti ilionekana iko salama, kumbe ndiyo haikupata masasisho ya kinga. Mwaka wa 2010 Stuxnet ilionyesha jambo hilo hadharani: mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, haikuwa imeunganishwa na mtandao, lakini mdudu alifika, na inaaminika alibebwa kwa flashi.

Februari 2011 Microsoft ilituma sasisho la kuzima tabia hiyo kwenye Windows za zamani. Wadudu wakabadilisha mbinu, na mbinu yenyewe ilikuwa ya Popp: ficha. Unachomeka flashi, unakuta mafolda yako yamekuwa shotikati, kila moja na kishale kidogo kwenye pembe. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, lakini mdudu pia ameamka. Wengine wakikuta hivyo, au wakikuta flashi inaonekana tupu, wanaambiwa "format tu, bro." Picha za marehemu zinaenda. Projekti ya muhula inaenda. Na mara nyingi vitu vilikuwa mle mle, vimefichwa tu, kama mwaka wa 1989.

Kwa hiyo somo la kwanza ni mpangilio: okoa kwanza, futa baadaye. Usibofye zile shotikati. Bofya diski kwa kitufe cha kulia na uiskani, kinga yako ikiwa imesasishwa. Kisha iambie Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, yakiwemo yale ya mfumo, na ionyeshe pia viambishi vya majina, ili "picha.jpg.exe" isijifanye picha. Kama flashi ni E, fungua dirisha la amri uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafolda yatajitokeza. Nakili picha na PDF unazozijua. Yanayoishia na exe, scr, vbs au lnk yaache huko huko. Faili la Word likikuomba uruhusu makro, kataa. Ukimaliza, format. Ukiwa na rafiki anayetumia Linux, muombe afungue yeye kwanza. Programu nyingi mbaya za Windows haziwezi kukimbia huko.

Somo la pili limepotea pamoja na disketi. Disketi ya kale ilikuwa na pengo ubavuni. Ukiliziba kwa kikaratasi cha gundi, kompyuta inaweza kuisoma lakini haiwezi kuiandikia. Flashi nyingi hazina kitu hicho. Kadi kubwa za SD bado zina kiswichi cha kufunga, ingawa kinategemea kifaa kinachoisoma kukiheshimu. Ukienda saiba, tuma PDF kwa barua pepe, au beba flashi ndogo ya safari yenye nakala ya karatasi moja tu unayoprinti. Ile yenye maisha yako yote ibaki nyumbani, na nakala ya pili mahali pengine.

La tatu ni bahasha yenyewe. Mwaka wa 2016 watafiti walitangaza kwamba waliangusha flashi 297 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, na angalau asilimia 45 zilichomekwa na watu waliozifungua. Wengi walitaka kumtafuta mwenyewe. Wema, si ujinga. Lakini tangu 2014 inajulikana kwamba flashi inaweza kujifanya kibodi na kuiandikia kompyuta amri, na kuiskani mafaili hakutakuonyesha hilo. Flashi uliyookota stejini, mpe mlinzi. Usiichomeke.

Kiswahili kinatumia neno moja, virusi, kwa mdudu wa kompyuta na kwa kile cha UKIMWI, na Popp aliujua uzito wa hofu ile alipochagua jina la disketi yake. Nyanza tuliibeba kuliko wengi. Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, zaidi ya miaka 10 baada ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa, na sehemu ya muda huo ililiwa na aibu: nani kamletea nani. Mambo yalianza kubadilika watu walipokubali kupimwa bila kutukanwa. Kwa hivyo jirani akikuletea flashi yenye mdudu, usimuaibishe. Mwambie, ili awaambie wale aliowaazima.